Hema la pwani: Kwa nini kikazio ni afadhali kuliko fundo

PANGANI

KUPIGA hema katika ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, ni kazi inayoonekana nyepesi saa kumi jioni. Mchanga ni laini, bahari imetulia, na kila kamba imefungwa mafundo mawili matatu ili isifunguke.

Matatizo huanza usiku wa manane. Unyevu umelowesha kamba, na upepo wa bara, ambao mabaharia nao huuita umande, umeanza kuvuma kutoka upande mwingine. Hema limelegea na turubai linapigapiga. Mwenye hema hutoka, tochi mdomoni, na kukuta baadhi ya mafundo yamejivuta hadi kucha haziwezi kuyafungua, na mengine yameteleza yenyewe.

Wengi hujilaumu kwamba hawajui kufunga. Lawama hiyo si ya haki, kwani kilichobadilika zaidi ni kamba yenyewe.

Pangani ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili. Ni hapa, katika shamba la Kikogwe lililo ng'ambo ya mto, ambapo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa. Mwaka 1893, Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo kilizaliwa kilimo ambacho, katikati ya miaka ya 1960, kilikuwa kikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, kabla ya nyuzi za viwandani kuja kuporomosha bei.

Kamba ya katani ni ya kukwaruza. Nyuzi zake hung'ang'aniana, na fundo la kawaida hushika bila shida. Ikiloa, hunenepa na kupungua urefu, hivyo kamba za hema hujikaza zenyewe na huweza hata kung'oa vigingi. Ndiyo maana wapiga kambi wa zamani walifundishwa kulegeza kamba mvua inapokaribia.

Nailoni hufanya kinyume chake. Ni laini, huteleza, na ikiloa hurefuka. Hema lililokazwa vizuri jioni hulegea usiku bila mtu kuligusa. Maana yake ni kwamba kamba ya leo inahitaji kukazwa tena na tena, ilhali fundo hukusudiwa kufungwa mara moja na kuachwa.

Hapo ndipo kinapoingia kifaa kidogo cha kukazia kamba, ambacho katika makala haya tutakiita kikazio. Si mtambo. Ni kipande cha plastiki, alumini au mbao, chenye ukubwa wa kidole hivi, kilichotobolewa matundu mawili au matatu. Mahema mengi ya dukani huja navyo, na si ajabu kuona mnunuzi akivitupa pamoja na mfuko kwa kutojua kazi yake.

Namna ya kukitumia ni hii. Kamba inayotoka kwenye hema hupitishwa katika tundu la kwanza, ikazunguka kigingi, kisha ncha yake ikarudi na kuingia katika tundu la mwisho, ambako hufungwa fundo dogo ili isichomoke. Kwa hiyo fundo halijatoweka kabisa. Limebaki moja, na halina haja ya kufunguliwa.

Kukaza, unakishika kikazio wima na kukisukuma juu kuelekea hema. Kulegeza, unakishusha kuelekea kigingi. Ukikiachia, mvuto wa kamba hukilaza upande, kamba hupinda kwenye kingo za tundu, na msuguano huizuia isirudi. Kadiri upepo unavyovuta, ndivyo kingo zinavyozidi kuuma. Kazi yote huchukua sekunde chache, gizani, hata kwa mkono wa mtoto.

Asiye nacho anaweza kumwomba seremala amtobolee kipande cha mbao ngumu. Matundu yawe mapana kidogo tu kuliko kamba, na kingo zake zisilainishwe sana, kwa sababu ndizo zinazoshika.

Wazo la kukaza kamba bila kutegemea fundo si geni pwani hii. Nahodha wa jahazi hapandishi foromali kwa nguvu za mikono mitupu. Jarari hupita katika makapi, na uzito hugawanyika. Aliyewahi kufunga mzigo kwa kuingiza kijiti kati ya kamba na kukizungusha hadi ikakaza, naye anaijua kanuni hiyo.

Hata hivyo, kikazio kina mipaka yake. Kilichotengenezwa kwa kamba nene hakishiki kamba nyembamba. Kamba za manila zilizo ngumu na zenye kung'aa, zile zinazouzwa kwa ajili ya kuanikia nguo, huteleza ndani yake. Afadhali kamba iliyosukwa, yenye ngozi ya kukwaruza kidogo. Plastiki ya bei nafuu iliyoachwa juani kwa muda mrefu hukatika ghafla.

Aidha, kisitumike mahali panapobeba uhai wa mtu. Bembea ya kulalia, kamba ya kumvuta mtu majini na ile inayofunga ngalawa isichukuliwe na maji zinahitaji fundo la kweli, lililofungwa na mtu anayelijua.

Jambo la mwisho, ambalo wageni wa mijini hulisahau kuliko yote, ni kigingi. Kikazio kikishika barabara, nguvu yote huhamia chini, na kigingi chembamba katika mchanga mkavu hung'oka kama kijiti kwenye unga. Ufukweni, kamba ifungwe kwenye mfuko uliojazwa mchanga au gogo fupi, kisha kifukiwe kina cha mkono hadi kiwiko, na kamba ilale kwa mshazari kutoka kwenye hema. Na lolote litakalofukiwa, lifukiwe juu ya alama ya maji ya bamvua, mbali na kivuli cha minazi yenye nazi zilizokomaa.