Spika Zimekwama Kwenye Apdeti? Usikimbilie Kung'oa Plagi

Jumamosi iliyopita niliwaita majirani wa ploti waje kwangu kutazama filamu, kila mtu na mia yake, maana kodi ilikuwa imenibana. Saa moja kabla hawajafika, spika zikadai apdeti. Nikakubali. Ikafika nusu, ikakwama. Spika mbili za nyuma kimya, taa zinawaka na kuzima tu.

Nusura ning'oe plagi. Usithubutu! Stima ikikatika programu mpya ikiwa bado inaandikwa, spika inaweza kufa kabisa. (Nyinyi mnaoishi na tokeni za kubahatisha, jazeni kwanza.) Nikangoja nusu saa huku jasho likinitoka, hadi ikaandika imeshindwa.

Hapo mara nyingi shida huwa ni waifai. Ruta nyingi zina masafa mawili: 5 GHz ni ya kasi lakini kuta huipunguza nguvu upesi, 2.4 GHz hufika mbali zaidi. Na kuna spika zisizoijua hiyo ya 5 kabisa. Nilizima ruta na spika, nikawasha upya, nikasogeza zile za nyuma karibu na spika kuu, kisha hiyo kuu nikaichomeka kwenye ruta kwa waya. Simu nayo iwe kwenye waifai ile ile, si bando.

Dakika kumi na mbili, zikaitika. Wageni walikuwa mlangoni tayari. Mmoja hajalipa mia yake hadi leo.