Kasi ya Kafi na Saa za Mgonjwa: Umbali wa Majini katika Nyanda za Juu Kusini

Ukitoka Matema, katika Wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, na kufuata ufuo kuelekea kusini-mashariki, Milima ya Livingstone husogea hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa na kuacha ardhi finyu kwa makazi na njia. Kwa vizazi vingi Wakisi wa Ikombe wamepakia vyungu vyao katika mitumbwi na kupiga kafi hadi sokoni Matema. Mbele yao, katika mwambao wa Ludewa, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, vipo vijiji ambavyo kwavyo ziwa ndilo barabara kuu. Njia inayopitisha vyungu, samaki na mihogo ndiyo inayopitisha pia mjamzito mwenye uchungu, mtoto mwenye degedege na mvuvi aliyeumia.

Kwa sababu hiyo, swali la mtumbwi huenda kwa kasi gani si la wanamichezo peke yao. Kwa mtumishi wa afya ni swali la tiba, na kwa familia ya mgonjwa laweza kuwa swali la uhai.

Mtumbwi huenda kasi gani?

Katika mashindano ya kimataifa, kayaki ya mtu mmoja hujengwa nyembamba, yenye urefu usiozidi mita 5.2 na uzito usiopungua kilo 12. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Bálint Kopasz wa Hungaria alishinda mbio za mita 1000 kwa dakika 3 na sekunde 20.6, sawa na takriban kilomita 18 kwa saa. Isaquias Queiroz wa Brazili, aliyeshindana kwa mtumbwi wa kupigia kafi upande mmoja, alitumia dakika 4 na sekunde 4.4 kwa umbali huohuo, yaani chini kidogo ya kilomita 15 kwa saa. Hao ni mabingwa wa dunia, katika maji tulivu, kwa muda wa dakika chache tu.

Mtumbwi wa gogo wa Kyela au wa Mtera ni chombo cha namna nyingine. Ni mzito, umechongwa kwa ajili ya kubeba, na mpiga kafi wake anatakiwa kudumu kwa saa kadhaa. Kwa makadirio ya kawaida, mtu mmoja mwenye mzigo husafiri kilomita 3 hadi 5 kwa saa katika maji yaliyotulia, mwendo unaokaribiana na wa mtu anayetembea kwa miguu. Anayepanga safari ya mgonjwa na achukue kilomita 4 kwa saa kuwa kipimo cha kuanzia, kisha arekebishe kwa kadiri ya upepo, mzigo na uchovu.

Kwa nini kuongeza wapiga kafi hakutoshi

Familia nyingi huamini kwamba mgonjwa akizidiwa, dawa ya umbali ni kuongeza mikono. Imani hiyo ina ukweli, lakini ina mpaka wake. Maji hukinza chombo kwa nguvu inayokua haraka kuliko kasi yenyewe. Kwa ujumla, kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani huongezeka takriban mara 4, na kazi inayotakiwa kufanywa kila sekunde huongezeka takriban mara 8. Zaidi ya hapo, kila chombo husukuma wimbi mbele yake, na mtumbwi mfupi hufika mapema mahali ambapo juhudi yote huishia katika kukuza wimbi hilo badala ya kuongeza mwendo.

Chukua mfano wa kijiji kilicho kilomita 8 kutoka hospitalini. Mpiga kafi mmoja, kwa kilomita 4 kwa saa, atafika baada ya saa 2. Akiongezwa wa pili mwenye nguvu sawa, kasi haitakuwa kilomita 8 kwa saa. Itakaribia kilomita 5, nayo safari itachukua takriban dakika 95. Familia imeokoa dakika 25, tena kabla ya kuhesabu uzito wa mtu aliyeongezeka. Hata hivyo mpiga kafi wa pili ana thamani kubwa: humpokea mwenzake anapochoka, hutoa maji yanayoingia, na huwa msaada chombo kikipinduka. Lakini familia iliyokaa nyumbani saa nzima ikijadiliana kama hali ni mbaya kweli, imepoteza muda ambao makafi mawili hayawezi kuurudisha.

Mwera na hesabu ya upepo

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na upepo wa mwera, unaovuma kutoka kusini hasa kati ya Mei na Agosti, hupata nafasi ndefu ya kukuza mawimbi kabla ya kufika fukwe za Kyela. Mara nyingine huvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Mtumbwi unaokwenda kilomita 4 kwa saa, ukirudishwa nyuma na upepo na mawimbi kwa kilomita 2, utabaki na kilomita 2 tu. Safari ya saa 2 imekuwa ya saa 4.

Wapo wanaofikiri kwamba upepo wa kurudi utafidia uliopotezwa wakati wa kwenda. Hesabu inakataa. Kilomita 8 zikiendwa kwa kasi ya 2 na kurudiwa kwa kasi ya 6, jumla ni saa 5 na dakika 20. Bila upepo, kwenda na kurudi kungechukua saa 4. Mtu hudumu muda mrefu zaidi katika upande mgumu, na ndiyo maana upepo humnyang'anya zaidi ya unavyomrudishia.

Katika Bwawa la Mtera, lililopo katika Mto Ruaha Mkuu kwenye mpaka wa mikoa ya Iringa na Dodoma, tatizo huja kwa sura nyingine. Bwawa hilo hulisha mitambo ya umeme, na kina chake hupanda na kushuka kulingana na mvua na matumizi. Maji yakipungua, ufuo husogea, na mahali palipokuwa na gati la mitumbwi hubaki tope. Umbali uliopimwa mwezi wa Mei si lazima uwe uleule Novemba. Viboko na mamba nao hulazimisha mitumbwi kuzunguka, na safari za alfajiri au za machweo zina hatari yake.

Saa za mgonjwa

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaosababisha vifo vya uzazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Mtumbwi ni wa aina ya pili, lakini hauwezi kutenganishwa na nyingine mbili.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2 asipotibiwa. Anayetokwa na damu kabla ya kujifungua hukadiriwa kuwa na takriban saa 12. Hizi ni wastani, si ahadi. Mwenye upungufu wa damu tangu awali ana muda mfupi zaidi. Dawa ya asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda, inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani itolewe ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, na uchambuzi wa tafiti umeonyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza manufaa yake kwa takriban asilimia 10. Weka takwimu hizo kando ya kilomita 8 zilizotajwa hapo juu. Siku ya utulivu, mama aliyejifungulia nyumbani na kuondoka mara moja anafika ukingoni mwa muda wake. Siku ya mwera hafiki.

Hitimisho lake ni moja. Kwa vijiji vya namna hii, usalama wa mama hauanzii katika kafi, bali katika kuvuka ziwa kabla ya uchungu. Mjamzito anayeishi ng'ambo ahamie karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria kujifungua, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake ya makadirio, hasa ikiwa aliwahi kupasuliwa, kutokwa na damu nyingi, au ana mimba ya mapacha. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Mambo ambayo zahanati inaweza kufanya

Mtumishi wa zahanati ya ufuoni anaweza kutengeneza jedwali la safari bila chombo chochote cha gharama. Apime mita 500 kando ya ufuo, aweke alama mbili, kisha ampime kwa saa mvuvi mwenye mtumbwi wa kawaida uliopakiwa. Gawanya 30 kwa dakika alizotumia. Jibu ni kilomita kwa saa. Aliyetumia dakika 6 ana kasi ya kilomita 5, wa dakika 7 na nusu ana 4, na wa dakika 10 ana 3. Zoezi lirudiwe asubuhi yenye utulivu na alasiri yenye upepo, kwenda na kurudi. Kisha kila kijiji kiandikiwe saa zake mbili, za ziwa tulivu na za ziwa lenye upepo, na karatasi ibandikwe ukutani.

Jedwali hilo hubadili maamuzi. Kijiji ambacho saa zake za upepo huzidi 2 kinahitaji mpango wa boti yenye injini, pamoja na mafuta ya akiba yasiyoguswa kwa shughuli nyingine. Boti ya kilomita 15 kwa saa humaliza kilomita 8 kwa takriban dakika 32. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Simu ipigwe kabla ya mtumbwi kuondoka, ili gari lingoje ufuoni na wodi ijiandae. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali apewe atesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, ikiwa ipo, kabla ya kuanza safari. Hiyo haichukui nafasi ya rufaa, bali hununua muda.

Ndani ya mtumbwi

Mgonjwa alazwe katikati na chini, kamwe asikalishwe juu ya ukingo, kwa kuwa uzito ukiwa juu chombo hupinduka kwa urahisi. Asiye na fahamu alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe. Anayetokwa na damu afunikwe asipate baridi, na miguu yake iinuliwe kidogo. Mgonjwa asifungwe kwenye mtumbwi kwa kamba, hata kama anahangaika. Kila mmoja, mgonjwa akiwemo, avae jaketi okozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Hakuna maana ya kumkimbiza mtu kutoka kifo kimoja hadi kingine.

Mtumbwi ufuate ufuo, hata kama njia ya kukata ghuba ni fupi. Ukipinduka, watu waushike wala wasiuache. Mti huelea, na mtu anayeogelea kuelekea ufuo unaoonekana karibu mara nyingi hukosea umbali. Ziwa likiwa limechafuka kiasi cha wavuvi wazoefu kukataa kutoka, neno lao liheshimiwe, na mtumishi aendelee kumhudumia mgonjwa alipo huku akitafuta usafiri mwingine.

Afya ya mpiga kafi

Mwishoni, asisahauliwe anayepiga kafi. Kazi yake, ikifanywa kwa kiasi, ni mazoezi mazuri ya moyo na mapafu, na huchangia kwa urahisi dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani zinazopendekezwa kwa mtu mzima kila wiki. Lakini bega, kiuno na kifundo cha mkono huumia kwa kurudia tendo moja maelfu ya mara. Nguvu itoke katika kugeuza kiwiliwili, si katika mkono peke yake. Upande ubadilishwe mara kwa mara, na maji safi ya kunywa yabebwe. Mwenye kifafa asiende majini peke yake, hata kama amekaa muda mrefu bila kupata kifafa. Mwenye maumivu ya kifua anapopiga kafi, yanayotulia anapopumzika, asiyahesabu kuwa uchovu wa kawaida. Aende kupimwa moyo na shinikizo la damu.

Mtumbwi umewatumikia watu wa Nyasa na Ruaha kwa uaminifu, na utaendelea kuwatumikia. Haudai lawama kwa kuwa wa polepole. Unachodai ni kwamba wanaoutegemea waujue mwendo wake, waujue upepo wao, na waanze safari wakati saa za mgonjwa bado zinatosha.