SHAURI LA KAZI LIKIISHA

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Leo tutajifunza jambo la kufanya baada ya shauri la kuachishwa kazi kwisha.

Tuseme mtu wa Mawengi alikuwa kibarua katika shamba la chai upande wa Njombe. Akafukuzwa. Akapeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo ikaamua kwamba alionewa. Akapewa karatasi ya uamuzi, ambayo huitwa tuzo. Akafurahi, akapanda basi kurudi kwao, akaikunja tuzo na kuiweka sandukuni. Akangoja fedha. Miezi ikapita, fedha hazikuja. Je, alikosea wapi?

Alidhani kwamba tuzo hujilipa yenyewe. Sivyo. Shauri likiisha, bado kuna kazi.

Kwanza, isome tuzo mpaka mwisho. Inasema urudishwe kazini, au ulipwe fidia? Kiasi gani? Kisha andika kwa mkono wako tarehe uliyoipokea. Tarehe hiyo ni mali.

Pili, hesabu wiki sita. Asiyeridhika, awe mfanyakazi au mwajiri, ana wiki sita tangu alipokabidhiwa tuzo kuomba marejeo katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukiipokea tarehe 2 Machi, siku 42 huishia tarehe 13 Aprili. Basi aliyeshindwa asikae nyumbani akinung'unika. Akichelewa, itambidi aombe kuongezewa muda, na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa.

Tatu, ikiwa umeshinda na mwajiri halipi, usimwendee kwa ugomvi, wala usichukue mali yake. Peleka mahakamani maombi ya kukazia tuzo. Maana yake ni kuiomba Mahakama imlazimishe kulipa. Tuzo ina nguvu kama hukumu, na Mahakama yaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa. Lakini mwajiri akiwa ameomba marejeo, Mahakama yaweza kusimamisha malipo mpaka itakapoamua. Ukipata karatasi za kukuita, usizipuuze.

Nne, dai cheti cha utumishi. Hata aliyeshindwa anastahili kupewa. Kitamfaa akitafuta kazi Makambako au kwingineko.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Tuzo ni nini?
2. Kwa nini tuandike tarehe ya kuipokea?
3. Ukiipokea tuzo tarehe 1 Juni, wiki sita zitaishia tarehe gani?
4. Mtu wetu wa Mawengi afanye nini sasa?

Swali la nne mjadiliane pamoja na mwalimu wenu. Na kama yuko kati yenu mwenye tuzo sandukuni, akifika nyumbani aitoe, aisome tena. Kwaherini.