Sura ya Sita: Nani Anamlipia Mwanafunzi?

Ukikaa na wazazi wa vijana wanaotumia unga, mazungumzo yakifika kwenye fedha ombi huwa moja: tujengewe kituo. Kiwe mbali na mji, kiwe na ukuta na mlinzi, kijana aingie teja atoke mzima. Sijasikia mzazi akiuliza ni nani atakayemhudumia mwanawe humo ndani, na mhudumu huyo alisomea wapi. Kituo kisicho na mtu anayejua kutibu ni bweni tu, tena kwa mraibu wa heroini ni bweni la hatari. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unapoteza ustahimilivu wake. Siku akitoka na kujidunga kiasi kilekile cha zamani, pumzi inakata. Familia inasema amerogwa.

Kuhusu uchawi sina subira, kwa hiyo nitasema mara moja niendelee. Majini hayahusiki. Unga wa mitishamba unaotangazwa kwenye nguzo za umeme, eti mtilie mlevi kwenye chai bila yeye kujua, ni wizi. Kumfunga mnywaji mnyororo ili pombe imtoke kunaweza kumuua. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, na anachohitaji ni diazepamu na vitamini B1 chini ya uangalizi, si fimbo.

Wanaonichosha zaidi ni wasomi wanaosema methadoni ni kumbadilishia mtu ulevi. Heroini hupanda kwa dakika na kuisha kwa saa chache, ndiyo maana anayeitumia hushinda akihangaikia kete inayofuata. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hupanda taratibu, na ikifikishwa kwenye kipimo sahihi haimleweshi mtu wala haimwachi apate arosto. Madaktari Dole na Nyswander walionyesha hayo New York katikati ya miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Ubishi uliobaki ni wa vijiweni.

Sasa fedha. Kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011, ya kwanza ya umma kwa Afrika bara kusini mwa Sahara (Mauritius, wao kisiwani, walitangulia mwaka 2006). Mwananyamala na Temeke zikafuata. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani kupitia PEPFAR, na PEPFAR ni mfuko wa UKIMWI: wanaojidunga walifikiriwa kwa sababu sindano inasambaza virusi. Nashukuru mlango ulifunguka, lakini tazama aliyebaki nje. Mlevi wa gongo hajidungi, kwa hiyo bajeti ile haikumlenga, na mwanafunzi anaweza kumaliza chuo akiwa ameliona dirisha la methadoni lakini hajamsimamia hata mtu mmoja anayeacha pombe. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hata mlango huo uliofunguka ulitikisika.

Isitoshe, mfadhili hulipia kinachohesabika kwenye ripoti. Semina inahesabika: siku mbili hotelini, posho, cheti, picha ya pamoja. Kutibu uraibu hakufundishiki hivyo, na mfano nitakaoutoa ndio unaonimalizia muda darasani kila mwaka.

Tuseme kijana anakunywa methadoni miligramu 80 kila asubuhi. Nesi anamwangalia akimeza, anamsemesha ili ahakikishe hakuificha mdomoni, anampa maji. Miezi inapita, ametulia, anaosha magari. Kisha anaanza kukohoa, anakutwa na TB, anaanzishiwa vidonge kliniki nyingine. Wiki ya pili anarudi dirishani macho yanamtoka machozi, kamasi zinachuruzika, vinyweleo vimesimama, usiku hakulala. Anasema dozi haitoshi. Nesi aliyehudhuria semina ana jibu tayari: teja ni teja, huyu anataka aongezewe alewe.

Kumbe vidonge vya TB vina rifampisini, na rifampisini huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja methadoni. Kikombe ni kilekile, lakini kilichomo kwenye damu kimeshuka, pengine hadi chini ya nusu. Kijana anasema kweli. Asiposadikiwa, jioni atakuwa maskani ananunua kete, na vidonge vya TB ataviacha maana ameshagundua kuwa ndivyo vinavyomtesa. Tiba mbili zimepotea kwa mkupuo, na TB inaweza kurudi ikiwa sugu.

Anachotakiwa kufanyiwa ni kupandishiwa methadoni hatua kwa hatua, huku akiangaliwa kila siku. Miezi 6 ikiisha TB imepona, rifampisini inasimamishwa, na ndani ya wiki kama mbili ini linarudia mwendo wake wa kawaida. Kile kipimo kikubwa ulichompandishia sasa kinajaa mwilini. Asiposhushiwa, anaweza kulala asiamke. Wanaopaswa kulijua hili ni daktari wa methadoni, nesi wa dirishani, mfamasia, na tabibu wa kliniki ya TB ambaye huenda hata hajaambiwa kuwa mgonjwa wake anakunywa methadoni. Fani nne, vyuo tofauti. Wanatakiwa wakutane wakiwa bado wanafunzi, mgonjwa akiwa mbele yao.

Wamarekani walichelewa kuelewa kwamba tiba ya uraibu hufundishwa mtu akiwa bado chuoni. Sheria yao ya mwaka 2000 ilimtaka daktari asome saa 8 za ziada na kupata kibali ndipo aandike buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, tena mwanzoni asizidishe wagonjwa 30. Manesi wa ngazi ya juu waliporuhusiwa, kwa sheria ya 2016, walidaiwa saa 24. Dawa za maumivu zilizochochea janga lao la uraibu hazikuhitaji kibali cha namna hiyo! Kibali cha buprenofini kikafutwa mwishoni mwa 2022, na tangu Juni 2023 anayesajiliwa kuandika dawa zinazodhibitiwa lazima awe na saa 8 za mafunzo ya uraibu. Kwangu la maana zaidi ni ruzuku: SAMHSA, wakala wao wa uraibu na afya ya akili, ulivipa vyuo fedha za kuingiza tiba hii kwenye mitaala ya udaktari na uuguzi. Kasoro ni kwamba ruzuku ina mwisho, na mwalimu aliyeajiriwa kwa fedha za mradi huondoka nao.

Fedha zikija kwetu, ningelipa kwanza mshahara wa nesi mzoefu wa dirishani ambaye nusu ya kazi yake ni kufundisha. Kisha nauli ya wanafunzi, kwa kuwa wagonjwa hufika asubuhi na mapema na basi la chuo huwa halijaondoka. Kisha muda wa walimu wa fani zile nne kuandika mazoezi ya pamoja. Mfadhili hawezi kukata utepe kwenye nauli, najua. Lakini swali la lazima la uraibu kwenye mtihani wa mwisho halihitaji mfadhili, na mwanafunzi wa mwaka wa tano husoma kinachotoka mtihanini. Langu ningeliandika hivi: mgonjwa wa methadoni ameanza dawa za TB, analalamika arosto. Eleza utakachofanya leo, utakachofanya dawa za TB zikiisha, na utampigia nani simu.