Kuhama POP Kwenda IMAP: Barua Zako Zinakaa Wapi?

Mtu aliyezoea kusoma barua pepe kwenye kompyuta ya ofisini huiweka akaunti ileile kwenye simu mpya, akashangaa kuona barua za zamani hazimo. Hazijapotea. Programu yake ilizichukua kwa itifaki ya POP3, nazo zimelala kwenye diski ya kompyuta ile moja, seva haina hata nakala.

POP ilitangazwa mwaka 1984, na toleo lake la tatu, linalotumika hadi leo, likafuata mwaka 1988. Enzi hizo watu wengi waliunganishwa mtandaoni kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kazi yake ni fupi: programu hujitambulisha kwa seva, hupakua barua, huagiza zifutwe, huaga. Seva hufuta pale programu inapoaga. Mtandao ukikatika katikati, haifuti kitu. Ni sawa na kufungua sanduku la posta, ukabeba bahasha zote na kuliacha tupu.

Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kubuni IMAP kwa wazo tofauti: barua ikae kwenye seva. Ukiisoma, ukiijibu au ukiihamishia folda nyingine, seva huandika alama hiyo, na kila kifaa chako huiona.

Ndiyo maana katika programu ya barua pepe ya Thunderbird, kwa mfano, hakuna kitufe cha kuigeuza akaunti ya POP iwe ya IMAP. Unafungua akaunti ya pili kwa anwani ileile, safari hii ya IMAP, kupitia mlango namba 993 wenye usimbaji (POP yenye usimbaji hutumia 995). Kwanza zima ukaguzi wa barua katika akaunti ya zamani, la sivyo itaendelea kunyakua kila kinachoingia.

Sehemu ngumu ni barua za zamani. Zinakili kutoka folda za POP kwenda folda za IMAP, kidogo kidogo, kwa sababu kila moja inapandishwa upya kwenye seva na viambatisho vyake vyote. Bando litaliwa, na nafasi uliyopewa kwenye seva inaweza kujaa, kwa hiyo ipime kabla ya kuanza. Mimi ningenakili, nisingehamisha: kazi ikikwama katikati, barua asili bado zipo.

Mwenye kompyuta moja na nafasi finyu kwenye seva hana sababu ya kuhama, POP inamtosha. Wengine wote, wenye simu na kompyuta, IMAP ndiyo yao, ila wasidhani kwamba ni akiba: barua ukiifuta kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta. Kwa hiyo usiiondoe akaunti ya POP kabla hujaingia kwenye barua pepe yako kwa kivinjari na kuziona barua za zamani kwa macho yako, na kabla hujaweka nakala ya barua hizo kwenye diski ya nje.