Mnada au tangazo la bure: Hesabu ya mwenye gari Lembeni

LEMBENI, Mwanga – Gari linalokaa sokoni muda mrefu hupunguza mtaji wa mwenyewe, na gari linalouzwa kwa pupa hufanya vivyo hivyo. Kati ya hasara hizo mbili ndipo anaposimama mwenye Toyota Noah hapa Lembeni, kando ya barabara kuu ya Same na Moshi, anayetaka kuliuza gari lake ili anunue Canter ya kubebea tangawizi kutoka Mamba Miamba, wilayani Same.

Mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni mnada, ambao siku hizi waweza kuendeshwa kwa intaneti bila wanunuzi kukutana uwanjani. Ya pili ni tangazo la bure katika mitandao kama Jiji, Kupatana au Facebook, au katika makundi ya simu. Njia hizi si ngeni. Mwaka 1995, huko California, Marekani, zilianza eBay ya minada na Craigslist ya matangazo. Katika Afrika Mashariki soko la matangazo ndilo lililokua zaidi, na mwaka 2019 Jiji ilinunua biashara ya OLX katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Bei ya mnada inavyopatikana

Wauzaji wengi hudhani kuwa mnada hutoa bei ya mnunuzi mwenye fedha nyingi kuliko wote. Sivyo. Bei husimama pale anaposhindwa mnunuzi wa pili. Chukulia kuwa mnunuzi mmoja yuko tayari kufika shilingi milioni 13 na mwenzake milioni 11. Dau litasimama juu kidogo ya milioni 11, na karibu milioni 2 zitabaki mfukoni mwa mshindi. Akitokea wa tatu mwenye milioni 12.7, bei itapanda hadi kuipita hiyo.

Kwa hiyo nguvu ya mnada ni wingi wa wapanda dau. Wakiwa wachache, kinga ya muuzaji ni kiwango cha chini, yaani bei ambayo chini yake gari haliuzwi. Kiwango hicho kikubaliwe na dalali kwa maandishi kabla ya mnada. Muuzaji asijaribu kuwatuma ndugu zake wapandishe dau kwa siri, kwani sheria ya mauziano ya bidhaa huihesabu hila hiyo kuwa udanganyifu.

Funzo kutoka Japan

Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Dar es Salaam hupitia minada ya Japan, ambako kampuni ya USS, iliyoanzishwa mwaka 1980, ni miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo. Wanaonunua huko ni wafanyabiashara wanachama. Mteja wa Tanzania hununua kwa wauzaji wa nje, au humtuma wakala ampandie dau.

Kinachomwezesha mtu kununua gari asilolishika ni karatasi ya ukaguzi. Mkaguzi wa mnada huandika kilometa, mikwaruzo, kutu na sehemu zilizobadilishwa, kisha hulipa gari daraja. Gari la 4 huhesabiwa kuwa zuri kuliko la 3.5, na herufi R huonya kuwa gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Mnunuzi hulipa bei nzuri kwa sababu anajua anachonunua.

Tangazo la bure halina mkaguzi. Mnunuzi aonapo picha tatu na maneno “gari halina tatizo”, hukata bei akijikinga na asichokijua. Mwenye gari zima huumia kwa sababu ya wenye magari mabovu.

Dari ya bei

Muuzaji ajue pia kuwa bei yake ina dari: gharama ya kuagiza gari la aina hiyo kutoka nje. Juu ya thamani ya gari na usafiri hadi bandarini huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na VAT. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 au zaidi huongezewa ushuru wa uchakavu. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina kikokotoo cha kodi hizo katika tovuti yake. Gari la “namba D” likitajiwa bei inayokaribia ya gari lililotoka bandarini, litazeeka kwenye tangazo.

Hesabu yenyewe

Chukulia mfano. Mnadani Noah inafika milioni 12. Ukitoa kamisheni ya asilimia 5, yaani 600,000, na 200,000 za mafuta na maegesho, muuzaji anabaki na milioni 11.2. Kwa tangazo inauzwa milioni 13. Ukitoa 150,000 za safari za kulionyesha Moshi na 350,000 za dalali aliyeleta mteja, zinabaki milioni 12.5. Tangazo linaongoza kwa milioni 1.3.

Lakini ikiwa mwenye gari anadaiwa milioni 10 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kila mwezi wa kusubiri baada ya siku ya mnada humgharimu 300,000. Mwisho wa mwezi wa nne faida ya tangazo imebaki 100,000. Mwezi wa tano imekwisha na hasara imeanza. Asiye na deni, ambaye Noah yake bado inabeba abiria kila siku, hana haraka hiyo, maana gari lililo kwenye tangazo huendelea kuingiza fedha na lililofungiwa kwenye yadi ya mnada haliingizi kitu.

Aina ya gari nayo ina neno. Noah, Hiace na Canter hujulikana bei zake na kila fundi wa Same na Mwanga, hivyo tangazo hutosha. Gari adimu, lenye wateja waliotawanyika nchi nzima, hufaidi zaidi mnada wenye watu wengi.

Hadhari

Ujumbe wa simu unaodai kuwa fedha zimeingia si malipo. Muuzaji aangalie salio kabla ya kutoa ufunguo. Anayetaka kulijaribu gari asiende nalo peke yake. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, na umiliki uhamishwe TRA mara moja, kwani kadi ikibaki na jina la zamani, mwenye jina ndiye atakayetafutwa gari likipata matatizo. Kwa upande wa mnada, dalali awe na leseni, na siku ya kulipwa itajwe katika makubaliano.

Kwa mwenye gari wa Lembeni, njia ya busara ni kuliazima tangazo lake silaha ya mnada. Alipeleke gari kwa fundi asiye na maslahi, aandike kasoro zote pamoja na kilometa, alipe madeni ya faini za barabarani, kisha atangaze picha pamoja na karatasi hiyo. Ajiwekee na tarehe ya mwisho kwa kugawa faida anayoitarajia kwa riba ya mwezi. Tarehe hiyo ikifika bila mteja, alipeleke gari mnadani likiwa na kiwango cha chini kilichoandikwa. Neno “bure” katika tangazo linahusu ada ya kutangaza tu. Miezi ya kusubiri hulipiwa na mwenye gari.