Kiharusi chenye homa: kwa nini dawa ya kuyeyusha damu huzuiwa

Na Mwandishi Wetu

Wafanyakazi wa mijini wamekwisha kulizoea neno kiharusi. Aghalabu hulihusisha na mzee mwenye shinikizo la damu, aliyeviacha vidonge vyake mezani, ambaye asubuhi moja huamka mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki. Hesabu zinaonyesha kwamba maradhi hayo si mageni kwetu. Uchunguzi uliofanywa nchini kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha tofauti za umri, katika kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka katika Dar es Salaam, na 109 katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro.

Lakini kipo kiharusi cha namna nyingine, ambacho hakichagui wazee na wala hakingoji shinikizo la damu. Hicho huanza na homa.

Tumchukue, kwa mfano tu, binti wa miaka 22 anayeishi karibu na Endulen, katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa muda wa wiki tatu amekuwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na mwili unaokonda. Amekwisha kumeza dawa ya malaria, na baadaye vidonge vichache vya kuua vijidudu vilivyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Akapata nafuu ya siku mbili, homa ikarudi. Asubuhi moja, akiwa anakamua, kibuyu kinamponyoka. Mkono wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki.

Safari ya kwenda Karatu si ndogo. Ni barabara ya vumbi na mawe hadi ukingo wa kreta, kisha mteremko wa msituni hadi lango la Lodoare, ndipo lami ianze kuelekea mjini. Kabla ya hapo gari lenyewe halina budi kutafutwa. Mgonjwa akifika, daktari mwangalifu humuuliza mama yake swali ambalo huenda likaonekana halihusiani na mkono uliopooza: “Mama, homa hii ilianza lini?” Kisha huweka kipimo chake kifuani na kusikiliza. Iwapo anasikia mvumo usio wa kawaida, huchunguza kucha na utando wa ndani wa macho, akitafuta michirizi na vidoa vidogo vya damu.

Yafaa kueleza anachokitafuta. Moyo una milango minne inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, ambayo wataalamu huiita vali. Katika nchi yetu vijana wengi wenye vali mbovu walizipata kutokana na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi sawasawa, na majuma machache baadaye kinga ya mwili wake, katika kupigana na adui, hushambulia pia viungo vya mwili na moyo. Maumivu ya magoti hupita. Kovu kwenye vali hubaki.

Vali yenye kovu ni mahali pazuri pa bakteria kujishikiza wanapoingia katika damu kupitia fizi zinazotoka damu, kidonda au njia nyingine. Hapo hujijengea vichuguu vidogo vya vijidudu, chembe za damu na nyuzi za damu iliyoganda. Mwaka 1885 tabibu William Osler aliueleza ugonjwa huu kwa kirefu katika mihadhara yake mjini London. Enzi hizo, kabla ya penisilini, karibu kila aliyeupata alikufa. Kipande cha kichuguu kikimeguka hubebwa na damu, na kikipanda kichwani huziba mshipa wa ubongo. Katika kila wagonjwa 100 wa aina hii, kati ya 20 na 40 hupatwa na madhara ya ubongo, na kiharusi ndicho kinachoongoza.

Sasa tumefika penye utata. Kwa kiharusi cha kawaida cha mshipa kuziba, dunia ina dawa ya sindano inayoyeyusha damu iliyoganda. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa kiharusi mwaka 1996, kwanza kwa wagonjwa waliofika ndani ya saa 3, na utafiti wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba yaweza kufaa hadi saa 4 na nusu. Msomaji aliyesikia habari hizo atauliza kwa haki: je, binti yetu akifika mapema, na dawa ikapatikana, asichomwe?

Jibu ni kwamba asichomwe. Kilichoziba mshipa wake si damu iliyoganda peke yake, bali ni donge lenye bakteria walio hai. Bakteria hao huushambulia ukuta wa mshipa, ukalainika na pengine ukavimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Ukiongeza dawa inayozuia damu isigande, ukuta huo waweza kupasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa kiharusi waliopewa dawa hiyo, waliovuja damu kichwani walikuwa asilimia 20 miongoni mwa wenye vali zilizoambukizwa, na asilimia 6.5 miongoni mwa wasiokuwa nazo. Mwongozo wa madaktari wa nchi hiyo wa mwaka 2018 unakataza dawa hiyo isitolewe kwa mtu anayeshukiwa kuwa na maambukizo ya vali. Hata dawa nyingine za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hazianzishwi kwa ajili ya kiharusi hiki. Katika vituo vikubwa vyenye vifaa, donge lililoziba mshipa mkubwa laweza kuvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mishipa. Huduma hiyo Karatu haipo.

Hapa ndipo jamaa wengi huona wamedhulumiwa. Wamekuja mbio, wameuza mbuzi kulipia gari, na daktari anawaambia kuwa sindano ya kiharusi haitatolewa. Kwa maoni yetu, dakika 5 za kueleza sababu, kwa lugha ambayo mama mtu anaielewa, ni sehemu ya tiba sawa na dripu.

Kwa maana tiba ya haraka ipo, nayo ni dawa ya kuua bakteria. Hatari ya kipande kingine kumeguka ni kubwa katika siku za mwanzo, na hupungua sana katika wiki 2 za matibabu yanayofaa. Kwanza huchukuliwa damu, aghalabu mara tatu kutoka sehemu mbalimbali za mwili, ili ioteshwe maabara na adui ajulikane kwa jina. Vile vidonge vya dukani huharibu kazi hii: huwapunguza bakteria kiasi cha kutoota maabara, lakini si kiasi cha kuwaua moyoni. Baada ya hapo dawa hupitishwa kwenye mshipa kwa wiki 4 hadi 6. Picha ya ndani ya kichwa, ile ambayo watu huiita siti skani, huonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka, na kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti huonyesha hali ya vali. Mjini Karatu, hospitali ya FAME, iliyoanza kama zahanati mwaka 2008, imekuwa ikipokea mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wanaotibu pamoja na matabibu wa hapa tangu 2010.

Wiki 6 ni muda mrefu kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, au kwa dereva wa watalii ambaye msimu wake ndio huo huo. Mgonjwa huhisi nafuu wiki ya pili na kutaka kwenda zake. Ndugu nao huanza kuhesabu gharama za chakula na malazi. Anayeondoka wakati huo huondoka na vichuguu vyake.

Kwa wafugaji liko jambo la ziada. Watafiti waliowachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, walikuta kwamba asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, ilhali walioumwa malaria hasa walikuwa asilimia 1.6. Zaidi ya robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, yakiwemo homa ya Q na ugonjwa wa kutupa mimba, ambayo yote mawili yaweza kushambulia vali za moyo. Homa ya Q hasa ni vigumu kuigundua, kwa sababu kiini chake hakioti kwa njia ya kawaida ya maabara. Hupatikana katika maziwa mabichi, na zaidi katika kondo la nyuma la mbuzi, kondoo na ng'ombe anayezaa. Daktari asipoambiwa kuwa mgonjwa alisaidia kuzalisha mbuzi mwezi uliopita, hatajua atafute nini.

Nyumbani, mtu akipatwa ghafla, tazameni saa. Mlazeni ubavu. Msimpe uji wala dawa ya miti kwa kinywa, maana koo lililopooza hupeleka uji mapafuni. Mwingine atasema ni upepo mbaya. Haidhuru, aseme hayo ndani ya gari. Chukueni na kadi ya kliniki, pamoja na makasha ya dawa zote alizomeza.

Mtoto aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Meno nayo yatunzwe. (Rangi ya kahawia kwenye meno ya watu wengi wa Mkoa wa Arusha hutokana na floraidi iliyo majini na si uchafu, cha kuangalia ni fizi zinazovuja damu na meno yaliyooza.)

Vali ikiwa imeharibika sana, inabakia kupasuliwa. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 unafanywa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Iwapo kiharusi kilimwaga damu kichwani, madaktari kwa kawaida hungoja wiki 4 au zaidi. Nao uchaguzi wa vali si mwepesi: ya chuma hudumu, lakini humfunga mgonjwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda na vipimo vya damu vya mara kwa mara maisha yake yote, dawa ambayo yaweza pia kumdhuru mtoto aliye tumboni, ya mnyama haina kifungo hicho, ila kwa kijana huchakaa mapema na kudai upasuaji wa pili. Binti wa miaka 22 ambaye bado hajazaa, na ambaye maabara iliyo karibu naye iko ng'ambo ya kreta, huulizwa achague ipi.